Kamba ya Ng'ombe wa Mama Mdogo

Muscat, mwaka unakwisha

Kaka yangu Mathayo,

Shikamoo. Mbukwenyi wote hapo Haneti, wakubwa kwa watoto. Natumaini mgongo wako umetulia na mvua imewakumbuka. Huku mvua hatuijui, tunajua jua tu, na jua lenyewe halina adabu. Mimi mzima, ila miguu. Kusimama kutwa kwenye pasi ya mvuke siyo kazi ya mtu aliyezaliwa kutembea na ng'ombe. Jioni viatu havitoki mpaka nilale kwanza, miguu nimeiegemeza ukutani. Lakini usinionee huruma sana. Zile kanzu nyeupe za wakubwa wa mji huu zinanyooshwa na mkono wa mdogo wako. Nimepita Lusaka, nimepita Durban, sijaona anayenyoosha kola kama mimi. Darasa langu la tano limenifikisha.

Naandika kwa sababu kwenye simu mimi ni mtu wa mzaha. Ukiniuliza la maana nakuchekesha, halafu salio linaisha. Na safari hii umeniuliza la maana: ng'ombe aliyeko kwa Mama mdogo Raheli, umchukue au umwache. Jibu nitakupa, ila ngoja nikueleze nilivyolifikia.

Mwenye kesi ni Hamadi, yule mtu wa Tanga tunayekaa naye chumba kimoja. Kila mwaka ukiisha, huyu bwana hukaa kitandani na simu yake akafanya anachokiita usafi: nini kiliingia, nini kilitoka, wapi panavuja. Mwaka huu nikasema na mimi nijisafishe. Mkataba wangu unakwisha mwakani, na sidhani kama nina miguu ya kusaini mwingine. Nataka kujua nitarudi nyumbani na nini.

Basi, Kaka, nilikuwa navuja kama chekeche. Laini za simu nne, kila moja na vijisenti vyake vimelala humo, nimebakiza moja. Kamati za harusi ndiyo usiseme. Kila kundi nilikuwa natangaza ahadi kubwa, wananiita Elia wa Uarabuni, nami navimba. Kumbe bwana harusi mmoja simjui kabisa, nilidhani ni mtoto wa mwalimu wetu. Nimelipa niliyoahidi, nikajitoa kimya kimya kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.

"Haya, tajiri," Hamadi akasema, "matundu umeziba. Sasa mali iko wapi?"

"Ng'ombe kumi na mmoja," nikamjibu, kifua mbele.

"Zizini kwako?"

"Sina zizi. Wako kwa watu. Kwa kaka, kwa marafiki wa marehemu baba, kwa mama mdogo. Anayemtunza anakunywa maziwa, ndama wanakuwa wangu."

"Mmeandikiana?"

"Tumeambiana."

Akacheka mpaka akajifunika shuka. "Elia, wewe huna ng'ombe. Una ng'ombe wa kusikia."

Ikaniuma. Ndiyo maana siku ile nilikupigia kwa amri kama mkuu wa wilaya: wakusanye wote zizi moja, wauze, nitafutie kiwanja Mtumba, jirani na mji wa serikali, kabla viwanja havijaisha. Nilitaka mali ninayoweza kuizungushia ukuta.

Ukatii, ukatembea na mgongo wako huo nyumba hadi nyumba. Halafu ukanitumia ujumbe wa sauti. Niliusikiliza nikiwa kazini, nikaunguza kola ya mtu. Ulisema kumi wamekusanyika zizini kwako, kabaki wa Mama mdogo. Ulisema hakukubishia. Alikamua kwanza, akawapa wajukuu wake wale mayatima maziwa ya siku hiyo, akafungua zizi, akakuwekea kamba mkononi. "Mali ni ya Elia, mpeleke." Nawe ukashindwa kuvuta, ukarudi na kamba tupu.

Jumapili nikarudia hesabu peke yangu. Mali hii ilitoka wapi, swali ambalo Hamadi hakuniuliza. Nikarudi nyuma mpaka mwaka ule wa ugonjwa, zizi la baba lilipokwisha lote, mimi na wewe tukachimba mashimo ya kufukia mizoga mpaka viganja vikachubuka. Akapona mtamba mmoja tu, kwa sababu baba alikuwa amempeleka akae kwa Mama mdogo, ng'ambo ya korongo. Hawa kumi na mmoja wote ni uzao wake. Na nauli yangu ya kwanza kutoka hapo kijijini ilikuwa dume alilolilea Mama mdogo. Alilifikisha mnadani kwa miguu, akaniletea fedha zimefungwa kwenye pindo la kitenge, hajapunguza hata ya chumvi.

Sasa ni mimi niliyekuagiza uwarundike pamoja. Ugonjwa ukipita mara moja tu, nitakosa hata wa kusikia. Nikamweleza Hamadi. "Kumbe ndiyo benki yenu," akasema. Nikamwambia ndiyo, ila kwetu riba anakunywa mlinzi.

Sikufichi, bado nahitaji fedha, na nimechoka kuliko ninavyosema. Uza wale maksai wawili waliokuwa kwako tangu mwanzo, unitunzie nipate pa kuanzia. Viwanja vya Mtumba waachie wenye mishahara. Mimi nijengeeni chumba hapo hapo nyumbani na mniwekee kiti. Nimesimama vya kutosha. Wengine warudishe kila mmoja alikotoka, uniombee radhi. Najua utasema nimekutembeza bure. Hamadi anakwenda likizo na barua hii, na kuna viatu vyako humo, vya ngozi, sivyo vile vya kuyeyuka juani.

Msalimie shemeji, mwambie mlenda wake naota. Msalimie mzee wa kanisa, ila usimwambie habari ya sadaka. Watoto wote wabusu.

Kwa Mama mdogo nenda asubuhi, kabla hajakamua. Usimweleze habari za Hamadi wala za viwanja. Mrudishie kamba, umwache afunge zizi mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, mnyoosha kola wa Muscat,
Elia