Mtani Alisema Kweli, Nikacheka

Jumamosi, magharibi. Joto la kuelekea mvua. Mawingu yanakusanyika upande wa Nzega, yanatutishia kidogo, kisha yanatawanyika bila kuacha hata tone. Nimekaa kibarazani na daftari magotini, jasho linanitoka, na si la joto peke yake.

Ng'ombe wako njiani.

Hilo ndilo linaloninyima raha. Mdogo wangu Masanja ametoka nao Puge katikati ya wiki, anawaswaga polepole wasikonde, na kesho baada ya misa atakuwa anaingia mjini. Jumatatu asubuhi tumepatana kuwakabidhi kwa tajiri mmoja wa hapa Kanyenye, Tabora, mwenye duka na biashara ya nyama, naye anikabidhi lori lake dogo la buluu. Tumeshapeana mikono mbele ya watu. Na leo mchana nimejua kwamba lori lile ni bovu.

Ng'ombe wenyewe si wangu. Marehemu baba aliacha neno kwamba ni wa mahari ya Masanja, na mchumba ameshapatikana, Nyamizi, binti wa majirani zetu kule kule Puge. Mimi ndiye niliyekwenda nyumbani baada ya mavuno nikawatia maneno. Niliwaambia tununue lori kuukuu, niliundie bodi ya mbao kwa mikono yangu, nibebe abiria na karanga na madebe ya asali kati ya Puge, Nzega na Tabora, na kabla wakwe hawajachoka kungoja, ng'ombe watarudi zizini wakiwa wengi kuliko walivyotoka. Mama aliinama tu akaendelea kuchambua mboga. Masanja akasema, "Kaka, wewe ndiye uliyeiona dunia. Mimi nakuamini." Wakwe wakakubali kungoja mpaka mavuno yajayo, basi.

Dunia niliyoiona ni kuendesha malori ya jeshi wakati wa vita. Niliendesha. Kufungua injini walifungua wengine. Kazi yangu ni useremala, natengeneza viti na milango ya mabehewa ya treni. Mbao naijua hata gizani. Chuma nakijua kwa kukigonga tu.

Kiangazi chote nimezunguka nikitafuta gari ambalo mtu wa hali yangu anaweza kulinunua, na akishalinunua aweze kulitunza. Lilikuwapo la mzungu mmoja anayerudi kwao, gari safi, ila tumbo lake liko chini mno, na ule mchanga wa njia ya Nzega ungelimeza kabla halijafika popote. Tena halina pa kushikiza bodi. Lilikuwapo la Mzee Petro, mkulima jirani na seminari ya Kipalapala. Hilo ni lori kweli, chasisi imenyooka, springi nene. Lakini milango hamna, mabati yameliwa na kutu, na nilipofungua boneti akatoka kuku akilalamika. Nilicheka mbele ya mzee wa watu. Nikamwambia, shikamoo baba, mimi natafuta gari, banda la kuku ninalo nyumbani. Akaitikia marahaba, akafunga boneti.

Ndipo nikaliona la buluu.

Rangi mpya. Viti vya ngozi. Hata injini imepakwa rangi, nyeusi inayong'aa. Nikajiona nalipitisha Kanyenye saa ya soko, kiwiko dirishani. Niseme ukweli wangu hapa, maana hapana wa kunisikia: nilichagua kwa macho ya watu. Mimi ambaye nikiletewa kabati lililopakwa rangi nzito nazunguka nyuma yake kwanza, maana najua chini ya rangi nzito kuna mbao iliyoliwa na mchwa. Nani hupaka injini rangi? Sikuuliza.

Dereva wa tajiri anaitwa Kondo. Ni Mzaramo, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zetu walipokuwa wakitoka huku na pembe mabegani mpaka pwani, wakifika kwa Wazaramo wanatukanwa, wanakaribishwa, wanalishwa, na wakifa njiani wanazikwa. Mtani wako anaweza kukusimanga mbele ya mkeo, akachukua kofia yako akaenda nayo, na huna ruhusa ya kukasirika. Mimi na Kondo hatujawahi kusalimiana kama watu wengine. Tukionana tunaanza na matusi.

Basi Jumamosi iliyopita, tajiri amesimama pale barazani kwake, watu wamejaa, mimi nazunguka lori kama bwana harusi, Kondo akapaza sauti. "Nunua, Mnyamwezi, nunua! Injini imepasuka ubavuni, nimeiziba kwa sabuni na ute wa yai, tukapaka rangi. Ukifika nusu ya njia ya Puge utalibeba kichwani, kazi mliyoizoea!"

Baraza zima likaangua kicheko. Tajiri alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nikamjibu Kondo kwamba Mzaramo hajawahi kusema neno la maana akiwa na njaa, apewe wali kwanza. Kisha nikampa tajiri mkono, na siku ile ile nikatuma neno Puge kwamba ng'ombe watoke.

Leo baada ya kazi nilikwenda kulipima lori, nijue nikate mbao urefu gani. Tajiri hakuwapo. Kondo alikuwa amekaa juu ya gurudumu uani, anasugua kitu kwa kitambaa. Aliponiona akasema, "Habari za kazi, bwana."

Bwana. Kondo huyo huyo.

Nilisimama. Nilingoja tusi, halikuja.

"Ng'ombe wako wapi?" akaniuliza.

"Njiani, na mdogo wangu."

Akatikisa kichwa. "Mimi nilikuambia."

"Uliniambia nini?"

"Kwamba injini imepasuka. Nilikuambia mbele ya watu wote, ukacheka."

"Ule ulikuwa utani, Kondo."

"Ningekuambia kwa njia gani nyingine? Tajiri alikuwa nyuma yangu. Ningesema kwa uso mkavu, siku ile ile ningelala nje na watoto. Nyumba ni yake, kazi ni yake. Nikasema, huyu mtani wangu atacheka mbele ya watu, lakini akifika kwake atayachuja."

Sikuyachuja.

Akafungua boneti, akakwangua rangi kidogo kwa ukucha upande wa chini, akanionyesha. Ufa mrefu kama kidole changu, na pembezoni mwake tope jeupe la sabuni. Likienda safari fupi maji hayatoki, akasema. Likipata mzigo na jua, yote yatamwagika na injini itakufa. Akachovya kidole kwenye kikopo cha rangi, akapaka tena pale alipokwangua. Halafu akasema, kama anayejisemea, kwamba lile la Kipalapala ni bovu la uso tu, amelisikia likinguruma na magunia mgongoni, halina kikohozi.

Nilirudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa na hasira na nilitafuta wa kumpa. Kondo siwezi, amefanya alichoweza, na kwa utani hakasirikiwi. Tajiri ningempa, lakini nikimpa tu, Kondo amekwisha.

Maana hapo ndipo kamba ilipokaza. Nikimwambia tajiri kwamba injini ina ufa, atauliza nimejuaje. Rangi imefunika, na watu wanaojua ni wawili, yeye na dereva wake. Nikisema niliendeshe kwanza na mzigo mpaka lichemke, ataniruhusu pengine, lakini Kondo ameshaniambia kanuni ya pale: likifia mikononi mwa dereva, deni ni la dereva, likifia mikononi mwangu, ni langu, nimeshalinunua. Nikinyamaza nikatimiza ahadi, Nyamizi ataolewa na mwingine, na Masanja atabaki na kaka aliyeiona dunia.

Mke wangu Magreta aliona uso wangu nilipoingia. Alikuwa anamenya karanga. Sikutaka kumwambia, nikamwambia. Yeye hakuwahi kulipenda lori lile; alipoliona mara ya kwanza alisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, nami nikamwambia mambo ya magari awaachie wenyewe. Leo hakunikumbusha. Alimenya karanga chache, kisha akasema, "Sema mkeo amekataa."

"Mbele ya baraza lile?"

"Mbele ya baraza lile. Sema nimeapa ukileta lori hapa narudi kwetu, na watoto nachukua. Hakuna atakayekuuliza zaidi. Watakuwa wanacheka."

Akaniangalia. "Utaweza, baba Anna?"

Nikatoka nje na daftari.

Ana haki ya kuuliza. Mimi ndiye ninayewaambia wenzangu kazini kwamba nyumbani kwangu neno ni moja na ni langu. Seremala mwenzetu mmoja alipochelewa kwa sababu mkewe alimtuma sokoni, mimi ndiye niliyemwita "mama" mwezi mzima. Nikilisema neno hili Jumatatu, Jumanne litakuwa karakana nzima, na kwa wiki moja litakuwa limefika Puge. Nitaitwa mume wa Magreta mpaka nizeeke. Nimelijaribu kimoyomoyo hapa kibarazani, "Mke wangu amekataa," na hata bila msikilizaji uso umenichoma.

Nimetafuta njia nyingine. Kusema mama anaumwa, atapona na tajiri ataniuliza lini naleta ng'ombe. Kusema ng'ombe wameibwa, Masanja ataonekana nao mjini kesho mchana. Uongo wowote mwingine utaacha mlango wa maswali, na kila swali litaishia kwa Kondo. Huu wa mke tu ndio unaofunga mlango, kwa sababu unanivunjia heshima mimi mwenyewe, na hakuna anayeshuku mtu anayejivunjia heshima.

Naandika hivi nikijua nimeshaamua, ila mwili haujakubali.

Kesho mapema, kabla ya misa, nitakwenda kumpokea Masanja njiani, nje ya mji, nimwambie ng'ombe wasiingie Kanyenye. Nitamwambia yote. Yeye ameshawaambia wakwe kuhusu lori la buluu, najua, kijana mwenye furaha hafungi mdomo. Kisha tutapita Kipalapala, nimwamkie Mzee Petro kwa adabu niliyopaswa kuwa nayo mara ya kwanza, nimwombe tulipakie lori lake magunia, tulipandishe mlima mpaka litoe jasho, na mimi nipige magoti nitazame kila ubavu wa injini bila haya. Likisimama imara, na mzee akikubali nusu ya kundi, nusu nyingine irudi Puge pamoja na Masanja, ianzie mahari. Mabati yaliyoliwa yatoke yote. Bodi nitaiunda ya mninga, na milango pia. Kumbe bodi ningeiunda mwenyewe hata hivyo! Uso wa gari ndio kitu pekee nilichoweza kukitengeneza, na ndicho nilichokwenda kununua.

Mzee anaweza kukataa. Nilimcheka nyumbani kwake. Akikataa, ng'ombe wote watarudi Puge na mimi nitabaki na viti vyangu vya treni, na itakuwa haki.

Ninachoogopa ni Jumatatu. Si tajiri, tajiri atanisema, atasema Wanyamwezi wa siku hizi si kama wa zamani, nitavumilia. Naogopa uso wangu. Nikisema yale maneno halafu nikamtazama Kondo hata mara moja, jicho la kushukuru, jicho la kuomba, tajiri ataliona. Mtu wa biashara husoma macho kwanza.

Na Kondo naye itampasa acheke. Ni mtani wangu. Asipocheka habari kama hiyo, atakuwa amejitaja. Itabidi anicheke kuliko wote, anizunguke, aniite bibi harusi, anifunge khanga kiunoni kama ataipata, na tajiri amtazame anavyocheka mpaka atosheke.

Mungu anipe miguu ya kusimama pale mpaka amalize.