Baba Talaso Amelala

Kiwanjani, Isiolo. Alhamisi, Septemba 1981

Upepo wa leo ni ule wa kung'oa mabati. Vumbi limeingia kwa unga, kwa maji, kwa macho ya watoto. Naandika nikiwa nimekaa kizingitini, mgongo umeegemea mlango, Adan ananyonya, na ninaogopa.

Nianze na hilo, kwa sababu wiki nzima watu wakiniuliza nimekuwa nikisema tuko salama, alhamdulillahi.

Ninamwogopa mume wangu.

Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaniuma. Huyu ni mtu ambaye akishuka kwa lori hagusi mtoto mpaka anawe mikono hadi kwenye viwiko, kama anayekwenda kuswali. Talaso, kifungua mimba wetu, alifundishwa na yeye kuhesabu kwa njugu. Sauti yake ilikuwa chini. Mimi ndiye niliyekuwa mwenye makelele katika nyumba hii.

Anaendesha lori la tajiri mmoja wa mjini hapa. Sukari na unga kwenda Moyale, ng'ombe kurudi. Zamani alikuwa akirudi anapumzika, anakata kucha, anakwenda msikitini, ndipo anaitwa tena. Siku hizi lori halipoi injini. Na kwa njia ile, tajiri akitoa ufunguo anatoa na kibunda cha miraa, kimefungwa kwa majani ya mgomba, bado kina umande wa Meru. Ni kawaida ya kazi. Galgalo, tanboi wake wa kupakia na kushusha mizigo, mtu mzima mwenye wajukuu, hupenda kusema kuna dizeli ya lori na dizeli ya dereva. Tulikuwa tunacheka.

Miraa yenyewe si kitu kigeni kwetu. Baba yangu aliila Ijumaa baada ya swala, na wenzake, na chai ya tangawizi, wakasimulia habari za ng'ombe waliokufa kabla mimi sijazaliwa, halafu kila mtu akaenda kwake. Alizeeka na akili zake. Ndiyo maana sikuogopa mapema. Lakini baba alikula ili azungumze. Huyu wangu anakula ili asilale.

Kumbe kuna tofauti.

Nililiona kwenye mwili wake kwanza. Mashavu yaliingia ndani. Sahani ya wali inarudi ilivyokwenda, anasema chakula kinamkaa kooni. Vidonda mdomoni. Akivua shati naona moyo wake unapiga chini ya fulana kama kifaranga kilichofunikwa na kikapu. Akilala kitandani miguu hailali. Inasukuma, inaachilia, inasukuma, kama bado iko kwenye klachi. Anafunga macho kidogo, anaamka, anatoka nje kukagua ua.

Halafu akaanza kumwonea Talaso. Mtoto aliangusha kikombe, kikombe cha bati hata hakivunjiki, na alivyomfokea, mtoto alijikojolea.

Halafu ngamia. Galgalo alinisimulia. Walikuwa wamepita Laisamis, dereva akafunga breki, akazima lori, akasema tungoje ngamia wavuke. Wakangoja. Galgalo akatazama mbele, akatazama nyuma. Barabara ilikuwa tupu. Akinisimulia alianza kwa kucheka, na katikati akaacha.

Wiki hii ngamia wamekuwa watu. Shifta, wale majambazi wa bunduki, anasema wako kwenye ua wa manyara, wanamvizia. Sisi tuliokulia wakati wa vita vyao hatufanyi mzaha na neno hilo, kwa hivyo mara ya kwanza nilimwamini. Nilitoka nikaangalia. Ilikuwa shuka la jirani, upepo umelitupa kwenye manyara.

Mama mkwe wangu, Ayyo ninavyomwita, alikuja kutoka Chechelesi Jumatatu akamtazama mwanawe mara moja tu. Akasema ni ayaana. Kwetu ayaana ni roho inayompanda mtu, na haitoki kwa kufukuzwa, inataka kuheshimiwa: ngoma, ubani, buni za kahawa zilizokaangwa kwa samli, na usiku tatu za kukesha. Shehe hapendi mambo hayo. Ayyo anaswali tano zake na ngoma yake anaipiga. Baada ya mambo ya shifta, yeye mwenyewe aliacha kusema kabisa, mama mzima akawa kama gogo, na ngoma ndiyo iliyomrudisha. Nani atamwambia hajui?

Mimi sikumwambia. Nilikaanga buni.

Jumanne wakapiga ngoma. Jana wakapiga tena. Na ayaana huwa inaletewa kahawa, na ikishapanda vizuri huwa inaletewa miraa, iliyo bora, ile nyekundu. Mume wangu alitetemeka, jasho likamtiririka, akaongea haraka haraka maneno ambayo hata hayakuwa na mwisho. Akina mama wakapiga vigelegele. Wakasema imepanda, leo imepanda.

Sasa leo asubuhi.

Nilikwenda bombani mapema kwa sababu maji yakikatika tunakaa mpaka jioni. Adan mgongoni, mtungi kichwani. Talaso nilimwacha amelala. Nilirudi jua limeshatoka, mwanga mzuri tu, hakuna giza la kusingizia. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na panga. Alinitazama usoni. Nilimwona akinitazama.

"Nani amekutuma?" akaniuliza.

Nilisema ni mimi. Nilisema jina langu. Akainua panga hadi begani, akaniuliza tena nani amenituma na wenzangu wamejificha wapi. Maji yalikuwa yananimwagikia shingoni na sikuweza kutua mtungi, maana nilijua nikiinama tu, mgongo wenye mtoto ndio utakuwa mbele yake.

Talaso alitokea nyuma ya miguu yake, na usingizi machoni. "Abba, huyo ni mama. Ameenda maji."

Akaliteremsha panga polepole. Akaketi chini palepale kwenye vumbi, akashika kifua, akasema moyo unamkimbia.

Galgalo alikuwa amekuja na ufunguo na kibunda cha safari ya kesho. Alituona vile tulivyokuwa, akaviweka chini. Tulimpeleka mume wangu hospitali, mmoja huku, mmoja huku. Alikubali. Nafikiri naye alikuwa amejiogopa.

Daktari ni kijana, pengine mwenzangu kwa umri. Alimpima presha, akamulika macho, akaniuliza amelala lini. Nilihesabu siku nyuma, nikapotea. Akasema: "Ubongo usiopata kulala, mama, huanza kuota macho yakiwa wazi. Hao watu anawaona kweli, kama wewe unavyoona ndoto."

Nilimwambia miraa humpa nguvu. Akatikisa kichwa. Akasema miraa haina nguvu ya kumpa mtu, ni kama kumchapa punda aliyechoka. Atakimbia, ndiyo, lakini hukumlisha. Uchovu wote uko palepale, yeye tu ndiye hausikii. Moyo unausikia. Na si kila anayekula hufika hapa, akasema, ila wa kula bila kulala, siku juu ya siku, wengine hufika.

Akaniuliza kama wiki hii amekula miraa nyumbani. Nikasema hapana, ya safari huisha safarini.

Halafu nikakumbuka.

Nikasema, kuna ile ya ayaana. Na kahawa. Usiku mzima, jana na juzi.

Nilingoja anicheke. Hakucheka. Aliandika kitu, akasema taratibu kwamba basi tumekuwa tukimtibu kwa kile kile kinachomuumiza. Nilitamani benchi linimeze. Usiku mbili nimekuwa nikipepea makaa.

Alimpa dawa ya usingizi mbele yangu, akaimeza. Akaniambia nisimwongeze hata kipande, na asile miraa wala asinywe kahawa juu yake. Pumzi ikiwa nzito kupita kiasi, au nikimwita asisikie kabisa, nimrudishe mbio. Panga litoke nyumbani. Atalala sana, akasema, na akiamka anaweza kuwa na huzuni, na hasira, na ndoto mbaya, na atakuwa anaitamani. Jumamosi tumrudishe aangaliwe. Nikamwuliza, atarudi kuwa yule wa zamani? Akasema wengi hurudi, wakiacha. Akirudia, hawezi kuniahidi.

Kwa hivyo sasa naogopa viwili. Mwanzo niliogopa kwamba hapati usingizi. Sasa naogopa analala sana. Kila mara nainuka naweka mkono karibu na pua yake.

Galgalo nilimrudishia ufunguo na kibunda chake, majani hayajafunguliwa. Alikuna kichwa, akaniuliza atamwambia tajiri nini. Nikamwambia amwambie dereva amelala. Akasema njia ile haina dereva anayelala. Nikamwambia huyu mmoja, basi, awe wa kwanza. Aliondoka akitikisa kichwa, lakini aliondoka nacho.

Alasiri Ayyo akaja. Usiku wa tatu ndio wa kumalizia, kwa hivyo alikuja na akina mama wake, na ngoma, na bakuli la samli. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Sikusimama. Sijawahi kubaki nimekaa mbele ya mama mkwe wangu maishani, na nilijua kila mmoja wao ameliona hilo.

Nilimwambia yote, ya panga na ya daktari. Mmoja wa wale mama akasema tangu lini hospitali ikajua ayaana. Mwingine akasema wasichana wa shule wakipewa watoto wawili wanajiona wazee. Ayyo mwenyewe alinitazama tu.

"Umesoma darasa la saba," akasema, "sasa unafungia ayaana mlango."

"Sifungi, Ayyo. Sijui mambo ya ayaana. Lakini Adan alipolia kutwa nzima, nikakimbia kutafuta maji ya kusomewa, wewe ulinicheka. Ulisema, huyu hana jini, huyu ana usingizi. Ukafunga dirisha, ukamlaza."

Alipita juu ya miguu yangu akaingia. Nikasema moyoni, sasa atamwamsha. Nilimsikia akivuta shuka. Nikageuka nikamwona ameinama kitandani, ameshika miguu ya mwanawe kwa mikono miwili, vile unavyoshika kitu ukitaka kujua kama bado kina joto.

Miguu ilikuwa imetulia.

Alipotoka aliwaambia wenzake waende, samli wampelekee mwenye mgonjwa mwingine. Ngoma akaibakisha. Ameiegemeza ukutani na kuifunika shuka, kama mgeni ambaye hajaambiwa kama atalala hapa au la. Aliniambia mwanawe akiamka na wale watu bado wako uani, ngoma itapigwa, na mimi ndiye nitakayekaanga buni. Nikasema sawa. Alitaka nikubali, na nimekubali. Hata mimi sijui nitakuwa na nini kingine mkononi.

Sasa amekaa mbele yangu juu ya kigoda, Talaso amemlalia mapajani. Panga amelikalia. Upepo ukigonga bati, sote wawili tunageukia mlango.

Hapa nitaandika kitu ambacho sitamwambia mtu. Mwezi jana, lori lilipochelewa, wenzangu waliomba lirudi salama. Mimi niliomba lichelewe zaidi. Nilitaka siku moja ya kukaa nyumbani kwangu bila kusikiliza hatua za mtu uani.

Sitaki hivyo tena. Namtaka arudi. Lakini nimeshaamua, na naliandika ili nisije nikaligeuza nikimwonea huruma: kibunda hakivuki kizingiti hiki, kiwe cha tajiri au cha ayaana. Akitaka lori bila kibunda, nitampikia na kumfungia chakula. Akitaka kibunda, nitachukua watoto niende kwa mama yangu kule Gotu, na nitakwenda nikilia, lakini nitakwenda.

Jua linazama. Nimeinuka tena, nimeweka mkono. Anapumua. Kope zake zinacheza kidogo, pengine anaota, safari hii macho yakiwa yamefungwa kama ya watu wote.

Akiyafungua, mimi ndiye nitakayekuwa mbele yake, na mtoto kifuani.

Ataniita jina langu, au ataniuliza nani amenituma?