Pikipiki ya Mzee Henrik

Mbarara, 12 Januari 2025

Papa mpendwa,

Pokea salamu zangu za mwaka mpya. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi la gereji bado kinanisumbua. Goti lako je? Ile dawa ya kupaka ilikufaa, au uliigawa tena kwa majirani?

Rénovat atakufikishia barua hii Jumanne gari lake likishuka huko kambini Misiera. Najua watu wanashangaa kwa nini hatupigiani simu. Waache. Tangu nilipoolewa na mwanao, nikisikia sauti yako natazama chini na maneno yananiishia; mkwe ni mkwe. Kwenye karatasi angalau naweza kumaliza sentensi.

Nina jambo. Nyuma ya gereji yetu kuna pikipiki kubwa imefunikwa turubai. Ni ya yule mzungu mzee, Henrik, aliyetoka kwao Denmaki akiiendesha, akavuka jangwa na mipaka yote hadi hapa Mbarara. Hapa akaugua, akapanda ndege kwenda kutibiwa, akamwomba bosi amtunzie. Sasa binti yake ametuandikia kwamba baba yake alifariki kabla ya Krismasi. Pikipiki haitaki, wala hataki malipo. Ombi lake ni moja: isikatwekatwe kuuzwa vipuri.

Bosi wangu, Mzee Tumuhimbise, ni mtu mzuri mwenye gereji ndogo. Ameniambia, "Jeannette, hii kitu inakula nafasi mingi. Tafuta mtu ya kuipenda, ama nitaikata." Mtu mmoja tu ndiye niliyemfikiria. Banda lako lina tano tayari. Je, utaongeza ya sita?

Mkamwana wako,
Jeannette


Misiera, 26 Januari 2025

Binti yangu Jeannette,

Amani iwe nawe na kikohozi kikuache. Goti langu siku hizi linatabiri mvua kuliko redio, basi lina faida yake.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili barua ya pikipiki. Maisha yangu yote nimesoma vitabu vya wasafiri, lakini sijawahi kukaa karibu na chombo kilichovuka jangwa. Kwa hiyo usidhani jibu langu limekuja kwa urahisi. Jibu ni hapana.

Nikueleze, maana huenda hata mumeo Ushindi hakukueleza. Mimi si mtu apendaye pikipiki akazikusanya. Banda lilianza siku Aloys alipoitwa kuhamia Kanada. Asubuhi ya kuondoka alinipa ufunguo, akasema, "Mzee, nitunzie. Nikirudi niikute." Kisha Concilie wa mikate, akaenda Australia. Kisha Nshimirimana fundi seremala, na mwishowe Mchungaji Ulrich. Hapa kambini mtu akiitwa huuza kitanda, huuza sufuria, huuza hata mlango. Lakini kitu kimoja humwachia mzee, ili asiwe ameondoka kabisa. Mimi nimeachiwa pikipiki. Kila Jumamosi naziwasha moja moja, naziacha zingurume kidogo, nazizima. Sizipandi wala siziazimi. Muuza sukari wa hapa hunicheka: "Papa Appolinaire iko na pikipiki tano, na kanisani anaenda na miguu!" Mwache acheke. Mwenye kitu yu hai. Ruhusa ni yake.

Ya tano ni ile nyekundu ya Ushindi. Alipovuka mpaka kurudi kwetu Fizi kuangalia shamba la mama yake, alisema angekuja baada ya mavuno.

Unaona basi. Kila pikipiki humu inamsubiri mtu. Mzee Henrik amekufa, yake haisubiri mtu yeyote. Siwezi kuichanganya na hizi.

Kwa kutaka kujua tu: magurudumu yake ni ya namna gani? Kiti cha nyuma ni kweli kina mgongo, kama nilivyoona pichani, utadhani kiti cha sebuleni? Na ndani ya masanduku yake kulibaki nini?

Baba yako,
Appolinaire


Mbarara, 9 Februari 2025

Papa,

Nakusalimu kwa heshima. Mvua imefika hapa, na kikohozi kimeondoka pamoja na vumbi. Natumaini unakula vizuri, si viazi tu.

Magurudumu yana meno makubwa, bado mazima. Kiti cha nyuma kina mgongo. Masandukuni nilikuta koti la mvua, sahani ya bati, chupa ya jamu iliyokauka, na ramani iliyokunjwa mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Unauliza sana, Papa, kwa mtu aliyesema hapana.

Sasa naandika jambo nisiloweza kulisema mbele yako. Pikipiki ya marehemu imo bandani mwako tayari.

Mwaka jana alikuja yule Audace, mfanyabiashara, akitokea Fizi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Alisema, "Mzee, ni mimi nilishika kichwa chake tukimshusha kaburini. Homa ndiyo ilimchukua, si risasi." Ukamshukuru. Ukasema niongeze chai. Kisha ukasema, "Ushindi ni jina la watu wengi." Akakutajia kovu la kidevuni. Ukamjibu, "Makovu pia ni ya watu wengi." Akanywa chai yake akaondoka, na hatukuzungumza habari hiyo tena.

Kwenu, baba ndiye anayeita kilio. Asipotamka yeye, hakuna anayeruhusiwa kulia, hata mke. Nami nimeolewa kwenu, nimesubiri utamke. Kanisani Jumapili ya kwanza ya mwezi wajane wana upande wao, na wake wenye waume upande wao. Mama Bernardine, kiongozi wetu, hunishika mkono na kuniuliza polepole, "Leo unakaa wapi, mwanangu?" Mimi husimama nyuma, nasema nina mtoto wa kubembeleza. Sina mtoto, Papa.

Siombi kingine. Naomba kulia.

Mkamwana wako,
Jeannette


Mbarara, 23 Machi 2025

Papa,

Habari za siku nyingi? Afya yako? Sijapata neno kutoka kwako. Rénovat anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaiweka mfukoni, ukamuuliza bei ya dizeli. Kila wiki namuuliza kama amebeba kitu, naye hunitania: "Jeannette, mimi ni dereva, si malaika Gabrieli."

Kama nimekukosea, nisamehe. Lakini sitayafuta niliyoandika.

Mzee Tumuhimbise anasema baada ya Pasaka ataita mafundi waikate. Nimeifunika tena turubai.

Mkamwana wako,
Jeannette


Misiera, 6 Aprili 2025

Binti yangu,

Salamu, na pole kwa kimya. Sikuwa mgonjwa. Barua yako nimetembea nayo mfukoni mpaka imelainika kama kitambaa.

Uliandika kweli: kwetu baba ndiye anayeita kilio. Hukuandika jambo la pili, labda hulijui. Kilio kikishamalizika, mke wa marehemu anaachiliwa. Anakwenda atakako, hana tena mkwe. Aloys aliandika mara moja tu alipofika. Wengine hawajaandika kabisa. Wewe ndiye mtu wa mwisho anayeniandikia, Jeannette. Sasa unajua kwa nini nilimwongezea Audace chai.

Jana asubuhi nilikuwa nimewasha ya Concilie, nikamwona Viviane anakimbia kuja kwangu. Ni jirani mpya, katoka mji wa Baraka, kwetu, juzi juzi tu. Dada yake alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, na gari la kituo cha afya lilikuwa limekwama matopeni huko Ngarama.

"Papa, utupe moja. Kaka yangu Thaddée anajua kuendesha, nitamushika dada katikati."

"Haziazimwi," nikamwambia. "Wenyewe hawajaniruhusu."

"Hata ile nyekundu? Mwenyewe iko fasi gani?"

Nikafungua mdomo niseme yuko Fizi. Lakini kitu cha mtu aliye hai sina ruhusa ya kukitoa. Cha mwanangu aliyekufa, mimi ndiye mwenyewe. Njia ya tatu sikuiona, na yule mama tulikuwa tunamsikia kutoka nyumba ya tatu.

"Alikufa," nikasema. "Ni mtoto wangu. Chukueni."

Viviane ni mtu wa kwetu, alijua amesikia nini. Akasimama palepale, akaweka mikono kichwani, akapiga ukunga mmoja mrefu, ule wa kwanza, kama inavyopasa. Kisha akafuta uso akamgeukia Thaddée: "Washa basi! Unangoja nini?"

Mtoto amezaliwa, wa kike. Pikipiki imerudi na matope, sijaiosha.

Neno la baba likitoka halirudi. Majirani walianza kuja kabla ya adhuhuri, wakakaa uani, nami nikakaa nao. Kilio nimekiweka Jumamosi ya tarehe 26, baada ya Pasaka. Njoo ulie.

Kuhusu ya Mzee Henrik, sababu niliyokupa imeanguka. Lakini kuanguka kwa sababu ya hapana hakujanipa ndiyo. Wewe unajua kuendesha, Ushindi alikufundisha vizuri. Bosi akikubali, njoo nayo, tuitazame.

Baba yako,
Appolinaire


Mbarara, 11 Mei 2025

Papa,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu baada ya wageni wote wale. Mimi sauti imerudi, ingawa bado inakwaruza.

Sikupata nafasi ya kukusimulia safari. Nilipofika Kabingo vijana wa bodaboda walinipigia kelele, "Nyabo, mama, hiyo si ng'ombe yako! Utaanguka!" Sikuanguka. Ni nzito ikisimama, lakini ikitembea ni kama haikanyagi chini. Laiti Ushindi angeniona. Hilo nililiwaza njia nzima, na kwa mara ya kwanza niliwaza "angeniona" bila kujirekebisha niseme "ataniona".

Asante kwa kilio. Nililia mpaka wanawake wakanishika. Niliona ulivyokaa umeshika kofia yako mikononi siku zote tatu. Na Jumapili iliyopita Mama Bernardine hakuniuliza kitu. Nilikwenda nikakaa.

Pikipiki niliiacha uani kwako, nje ya banda, maana hukusema ndiyo wala hapana. Nikapanda gari la Rénovat na ufunguo mfukoni. Nilidhani nimeusahau. Sikuusahau.

Mama yangu ameniita nirudi kwetu Nyanza-Lac, Burundi. Anaumwa miguu na hana mtu. Mwezi wa sita kuna kundi la Warundi linarudi, na majina yanaandikwa hadi mwisho wa mwezi huu. Binti ya Mzee Henrik amekubali pikipiki iwe yangu, na Mzee Tumuhimbise ameridhika pia. Kwa hiyo si ya marehemu tena. Mwenyewe yu hai, ni mimi.

Ufunguo umo ndani ya bahasha hii. Najua, na wewe unajua, maana ya mtu kukuachia ufunguo. Ukiurudisha kwa Rénovat, nitajua unaniomba nibaki, na nitabaki bila kinyongo. Chumba ninacho, kazi ninayo, na Mama nitamtafutia msichana wa kukaa naye. Ukiupokea, nitaandikisha jina langu. Usinipe jibu unalodhani ninalitaka. Banda ni lako, wewe ndiye unayejua kinachoingia.

Jeannette
(Sijui tena niweke neno gani mbele ya jina langu.)


Misiera, 20 Mei 2025

Binti yangu,

Amani kwako, na kwa mama yako miguu yenye nafuu. Goti langu limenyamaza tangu mvua ilipokatika.

Rénovat alipoleta barua yako juma lililopita nilimwambia arudi leo. Ameegesha hapo nje, injini haikuzimwa, kwa hiyo naandika upesi.

Bahasha hii nimeifunga mara mbili. Mara ya kwanza ufunguo ulikuwa ndani. Nilikuwa nimeandika na maneno mazuri ya kuusindikiza: kwamba Burundi maisha ni magumu, kwamba kazi kama yako haipatikani kila mahali. Yote ni kweli. Nikayasoma tena, nikaona ni mzee anayeogopa siku ya Jumanne gari linapopita bila kusimama. Nikaichana.

Wote walioniachia funguo, hakuna aliyeniuliza kwanza. Walinipa wakiwa na mizigo begani, na ningesema nini? Wewe umeniuliza. Nami nimekaa na swali lako wiki nzima kama mtu aliyepewa cheo. Nikajua kwamba mtu anayeulizwa hivyo hana haki ya kusema hapana kwa sababu tu atabaki peke yake.

Jana nilimwita Thaddée na vijana wa muuza sukari, tukaisukuma ndani. Watu wanne, na bado ilitushinda kwenye kizingiti. Muuza sukari mwenyewe akasema, "Papa, hii sasa ni gari imekosa miguu mbili!" Tumeiegemeza ukutani, upande wa dirisha, kwa kuwa ndio mpana. Ile nyekundu nimempa Thaddée awabebee wagonjwa. Kwa hiyo ni tano kama zamani.

Ina vitufe vingi, na sijui cha kuwasha ni kipi. Kabla hujaondoka niandikie, taratibu, kimoja kimoja, kama kwa mtu asiyejua kitu. Na ukifika kwenu, niandikie kwamba umefika. Usiponiandikia nitaelewa pia. Nina mazoea.

Neno la kuweka mbele ya jina lako ni lile ninaloanzia barua zangu. Hilo halikuletwa na ndoa.

Rénovat anapiga honi. Ameingiza kichwa dirishani, anauliza, "Papa, nabebea Jeannette kitu?"

Nimemwambia anabeba barua tu.

Baba yako,
Appolinaire