Herufi Aliyoimeza Yadira: Kwa Mama Yetu Remedios

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Machi ulipolala na usiamke tena, na nyumba yako hapa San Antonio bado haijaamini. Mchana, jua likiingia jikoni, Baba husinzia kitini. Akizinduka huapa kwamba amekusikia ukimfundisha mtoto wa watu kutamka r, ile ya kutetemesha ulimi. Hatumbishii. Hata sisi tumeisikia.

Ulikuwa na tabia ya kufumba macho mtu akizungumza nawe. Wageni walidhani wamekuchosha, kumbe unasikiliza ulimi wao unagusa wapi. Hata padri ulimfumbia macho akihubiri, ingawa kwa padri hatuna hakika kama ulikuwa unasikiliza.

Kazi yako ilikuwa kutibu usemi wa watoto: wenye kigugumizi, wenye ulimi mzito, waliochelewa kusema. Miaka ile ya sabini watoto wetu walipimwa shuleni kwa Kiingereza peke yake. Mtoto aliyelelewa kwa Kihispania akionyeshwa picha na kunyamaza, basi, akili yake nzito, apelekwe darasa la nyuma. Wewe mwenyewe ulichapwa utotoni kwa kuomba maji kwa Kihispania, na hukusahau. Ndipo ukawakusanya wataalamu wenzako wa usemi, waliolelewa kwa Kihispania kama sisi, wakawa wanakuja kila Jumamosi jikoni kwetu. Mkajiita La Mesa, yaani Meza, kwa kuwa hamkuwa na kitu kingine. Viti havikutosha. Zoraida Quiñones, mtu wa Puerto Rico peke yake kati yenu, alikalia ndoo ya maharagwe, akitutania kwamba watu wa Mexico wamemweka juu ya maharagwe ili asiyale.

Mlichora picha zenu, mkachagua maneno yenu ya Kihispania, na baada ya kubembeleza sana mwalimu mkuu mmoja akakubali muwapime watoto wake kwa majaribio. Alisema wazi kwamba mkikosea mara moja tu atawafungia mlango.

Aliyewatikisa alikuwa Yadira, binti wa miaka sita, mtoto wa mwanajeshi kutoka kisiwa cha Puerto Rico. Ulimwonyesha picha ya kishada, kile cha kurusha hewani. Sisi huku tunakiita papalote, yeye akasema chiringa. Ukaandika kosa. Kisha akawa anaimeza herufi s kila ilipokuja mwishoni mwa neno, nawe ukaandika kosa, tena kosa. Ukawaambia walimu kwamba mtoto ana kasoro ya usemi, naye akahamishiwa darasa la nyuma.

Jumamosi uliyasimulia hayo mezani. Zoraida akaacha kutafuna, akakuomba umwigize mtoto alivyosema. Ukamwigiza, maana kwa kuiga sauti hukuwa na mpinzani.

"Remedios, huyo anasema kama mama yangu," Zoraida akasema. "Kisiwa kizima tunaimeza hiyo s. Kwa hiyo sote ni wagonjwa?"

"Nilimpima kwa Kihispania, Zoraida."

"Ulimpima kwa Kihispania chako, dada. Na wale walitupima kwa Kiingereza chao. Mmepishana wapi?"

Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Waliobaki walikushauri unyamaze. Mtoto angeweza kurudishwa mwakani kimyakimya, lakini mwalimu mkuu akijua, watoto wote wa shule ile wangerudi kwenye kipimo cha Kiingereza, na chama kingekufa hata hakijatambaa. Lilikuwa shauri la busara, na ndiyo maana lilikutesa. Jumapili nzima hukugusa chakula. Baba alipokuuliza umeamua nini, ulimjibu taratibu, "Leandro, mtoto wa miaka sita hana mwakani."

Jumatatu ukavaa gauni lako la kanisani, ukaenda kumwambia mwalimu mkuu kwamba mtoto ni mzima, aliyekosea ni wewe. Yadira akarudi darasani kwake kabla ya chakula cha mchana. Nanyi mkafungiwa mlango, kama mlivyoahidiwa. Ulifika nyumbani ukakaa ndani ya gari unalia, hutaki kushuka, mpaka Baba akakupitishia kahawa dirishani.

Jumamosi ile tuliandaa meza bila matumaini. Wengi hawakuja, na wako ambao hawakurudi tena. Zoraida alikuja amejitwika kiti kutoka kwake. "Ndoo imenichosha," akasema, akakaa. Ninyi wawili na wachache waliobaki mkaweka sharti ambalo La Mesa inalishika hata leo, ikiwa na watu wake katika miji mingi: usimpime mtoto kabla hujaenda kwao ukamsikia mama yake anavyoongea. Miaka ikapita kabla shule nyingine haijawafungulia. Mkasubiri.

Tunakuota, Mama. Unapita kwenye baraza za watu, nyumba hadi nyumba, umefumba macho. Ndani kina mama wanaongea, kila mmoja na Kihispania chake, na mwanga kama wa asubuhi umetanda kila mahali. Hubishi hodi. Unasikiliza tu, ukitabasamu. Tunataka kukuita, sauti haitoki, na tukiamka tunalia kwa kuwa tulikuwa karibu sana nawe. Pengo lako ni kubwa, na hatujui kulizoea. Mungu akupumzishe pema.

Unakumbukwa na mumeo Leandro Villarreal, wanao Noemí, Graciela na Abelardo, wajukuu wako wote, na Zoraida, dada yako wa mezani. Tupo nawe moyoni siku zote za uhai wetu. Unakumbukwa pia na Yadira, mwenye wajukuu sasa, aliyetupigia simu kuomba jina lake liwemo humu. Bado anakuita Remedio, bila s, na nyumbani kwetu hakuna anayemsahihisha.