Mikono ya Anselmi Imekumbuka

Shoga Joha, mwenzio yamenikuta!

Yule binti wa hospitali anayemzoeza mzee wangu Anselmi kujihudumia tangu apate kiharusi si alisema, "Bibi, mpe kazi ambazo mikono yake ilizoea"? Nikampa kiberiti awashe jiko.

Akawasha! Nikapiga vigelegele, mjinga mimi.

Joha, akaligeuzia jiko mgongo. Akainua njiti kwenye nyasi za paa: "Tokeni! Lori la kijiji cha ujamaa limefika!"

Na miaka yote aliniapia kwamba kwenye Operesheni ile ya kuhamishia watu vijijini yeye aliwabebea watu vyombo tu.

Moto nimeuzima kwa kanga. Viberiti nimevificha kifuani, huko njia ameshaisahau.

Ila sasa amekaa mlangoni, ananiuliza, anauliza tena: "Mama, yule bibi kipofu mlimtoa ndani?"