Gemu ya Kupiga Goti

Jumamosi, Juni. Soweto, Mbeya. Baridi ya kuvaa soksi mbili. Mlima Loleza umejifunika ukungu tangu asubuhi.

Msonyo. Huo ndio uliobaki kichwani mwangu wiki nzima: mrefu, mkavu, wa mtu mzima aliyenichoka. Unatoka kwenye simu yangu.

Ni gemu ndogo niliyoipakua Jumatatu, ya bure, inamalizika ndani ya robo saa. Iringa vijijini, miaka ya sabini. Binti aliyevaa suruali pana ya bugaluu na viatu vya raizoni, vya soli nene, anampelekea mjomba wake redio, akirukaruka juu ya mapaa ya nyasi, migongo ya ng'ombe na matenga ya nyanya. Ila njiani wamekaa wazee. Ukimruka mzee bila kupiga goti na kusema "Kamwene", salamu ya Kihehe, anasonya, anauliza, "Mtoto wa nani huyu?" na ardhi inafunguka, unatumbukia. Ukisalimia, anakuuliza habari za nyumbani, za mahindi, za mbwa. Ukikimbia kabla hajafika kwa mbwa, unatumbukia vilevile.

Nimeicheza kila siku. Mtu mzima, nimesoma, vitabu vyangu vimejaa alama za kurasa ambazo sijazirudia, na mimi nipo hapa namjibu mzee wa kuchorwa habari za mbwa. Kwa nini? Si ugumu wake, maana ukishawajua wazee, siri imekwisha. Nadhani ni ule msonyo. Wakati mwingine naruka makusudi bila kusalimia, ili niusikie.

Gemu zote zinazonipigia makofi nimezifuta. Hii inanisonya, na ninairudia.

Mama naye alikuwa akiisikia. Nilimleta hapa kutoka kwetu, jirani na Tosamaganga, baada ya kuteleza njia ya kisimani na kuumia mguu. Kule anaishi peke yake, na mimi ndiye kitinda mimba wake. Mguu umepona, daktari ameridhika, lakini mama amenyamaza. Anakula kidogo, anakaa uani akiangalia geti. Kila Jumapili anasema anataka kurudi kwake, na kila Jumapili nakataa. Naogopa siku atakayoteleza tena na asiwepo wa kumwinua.

Alhamisi mchana alisimama nyuma yangu.

"Mbona hukumpigia goti yule baba?"

"Mama, ni gemu tu."

"Hata kama! Nyie wa Mbeya mmekosa adabu mpaka kwenye simu. Hebu lete."

Kuruka kulimshinda. Alitumbukia kati ya ng'ombe, akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Lakini kila alipomfikia mzee alitulia, na yeye mwenyewe, pale mbele ya kochi, akakunja goti kidogo, goti la mguu ule ule. Akajibu kwa sauti: "Kamwene, baba. Mbwa hajambo, amezaa."

Redio haikufika kwa mjomba. Mama alikuwa akiwapita wazee, kisha anageuka kuwarudia.

"Turudi kwa yule wa mbwa. Ndiye mwenye maneno."

Kwangu wazee wale walikuwa vizuizi. Kwake wao ndio walikuwa gemu yenyewe.

Aliponirudishia simu hakunitazama. "Hapa kwenu, tangu nimekuja, hakuna aliyeniuliza hata habari za mbwa."

Nilitaka kubisha. Mimi humuuliza kila siku! Umemeza dawa? Umekula? Mguu je?

Kumbe hizo si salamu.

Nimewaza hilo siku nzima ya jana. Nilidhani ukuta na geti vinamlinda, na kweli hapa hatelezi. Lakini pia hapiti mtu. Ni ajabu kwamba kitu cha robo saa, cha kuchekesha, ndicho kilichonionyesha alikuwa anaugua nini.

Jioni nikampigia simu jirani yake wa kule nyumbani. Binti wa huyo jirani atamtekea mama maji kila asubuhi, na kabla ya kuondoka atakaa naye kidogo. Bado naogopa ile njia ya kisimani.

Leo asubuhi nimempandisha basi la Iringa. Nilibaki chini nikipunga mkono, lakini hakuniona. Alikuwa ameshamgeukia bibi wa kiti cha pili, vichwa vimekaribiana, wanaulizana. Basi likaondoka. Nadhani walikuwa hawajafika hata kwenye mahindi.