Mwezi wa Kukubaliwa

Ijumaa jioni, Wembley

Na leo tena. Mwezi huu kila ninachokigusa kinakubali.

Kwanza chuo kilinipigia simu kuniambia mtu mmoja amejitoa, kwa hiyo nafasi ya masters ya afya ya jamii ni yangu nikiitaka. Leo nikaenda kwa meneja wetu pale nyumba ya wazee, nimejiandaa kumbembeleza anipunguzie shifti. Kabla sijakaa, akasema anatafuta mtu wa kufanya wikendi tu. Nikajifanya nafikiria.

Aliyeniudhi ni Mama Furaha, yule Mkongo ninayefanya naye kazi. "Bahati ikikufuata hivi, ndugu, usiambie watu." Ananitakia mema, najua. Lakini mwaka jana niliomba nikakataliwa, mwaka huu nikaomba tena. Hiyo nayo ni bahati?

Kinachonitisha ni takwimu. Sijagusa hesabu tangu nitoke Mbeya, na wenzangu darasani watakuwa vijana. Nitajifunza. Nimeshajifunza mambo magumu zaidi katika mji huu.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Zawadi amesukuma vitabu vyake vyote vya shule upande mmoja wa meza. Binti yangu huyu nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, siku zote. Leo akapigapiga ile nafasi aliyoiacha wazi, akasema, "Hii upande ni yako, Baba."

Sikumsahihisha. Nimevuta kiti, nimekaa hapo, na ndipo ninapoandikia sasa, yeye akiwa upande wake anafanya homework.